Kuzika hewa ukaa na kuvuna jotoardhi kwa pamoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali kuhusu jambo hili hurudi yaleyale, na majibu mengi yanayozunguka huchanganya teknolojia tatu tofauti kana kwamba ni moja. Ukiwa na haraka, anza na swali la pili. Ukishalielewa hilo, mengine yatakuwa mepesi.

Wazo lenyewe ni lipi?

Ukishuka ardhini, joto linapanda. Sehemu nyingi za dunia, hata zisizo na volkano, kila kilomita moja ya kina huongeza nyuzi 25 hadi 30 hivi za Selsiasi. Jotoardhi tuliyoizoea hulipandisha joto hilo juu kwa maji au mvuke. Kazi nyingine, ambayo kwa kawaida hufanywa na watu wengine kabisa, ni kuinasa hewa ukaa inayotoka kwenye viwanda vya saruji, chuma, mbolea na mitambo ya umeme, kisha kuisukuma chini kabisa ya ardhi ili isirudi hewani.

Wazo hapa ni kuziunganisha kazi hizo mbili. Hewa ukaa iliyozikwa inakaa kwenye mwamba wenye joto, na yenyewe inapata joto. Basi sehemu yake ipandishwe juu kwa kisima kingine, izungushe turbini au itoe joto lake, ipoe, kisha irudishwe palepale ilipotoka. Pamoja na ile iliyopoa inaingia pia hewa ukaa mpya kutoka kiwandani, kwa hiyo akiba ya chini inazidi kukua huku mzunguko ukiendelea.

Hii si ndiyo ile ya Iceland, ya kuigeuza hewa ukaa kuwa jiwe?

Hapana. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Ya kwanza ni ile ya Iceland, inayoitwa CarbFix. Kwenye kituo cha jotoardhi cha Hellisheiði, mvuke unaotoka ardhini huja na hewa ukaa na salfidi hidrojeni, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hizo huoshwa kwa maji zikayeyuka ndani yake, kama gesi ilivyo ndani ya chupa ya soda kabla hujaifungua. Maji hayo yenye ukali wa asidi husukumwa kwenye basalti, mwamba mweusi wa volkano. Asidi inaula mwamba, mwamba unatoa kalisi, magnesi na chuma, na madini hayo yanashikana na kaboni kuwa mawe ya kabonati. Majaribio ya mwaka 2012 yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 95 ya hewa ukaa iliyosukumwa chini ilikuwa imegeuka madini kabla ya miaka miwili kutimia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na yakawashangaza hata wataalamu, kwa sababu wengi walitarajia karne nyingi. Pampu iliyokuwa kwenye kisima cha uchunguzi iliharibika, na ilipovutwa juu ilikutwa imegandwa na kalsaiti, fuwele za madini yaleyale yaliyokuwa yakitafutwa. Lakini angalia: hapo umeme hufuliwa kwa mvuke wa kawaida. Hewa ukaa haizungushi chochote. Inazikwa tu.

Ya pili ilipendekezwa mwaka 2000 na Donald Brown wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani. Alizungumzia miamba migumu yenye joto kali lakini mikavu, isiyo na njia za maji. Miamba hiyo hupasuliwa kwa nguvu ya kimiminika ili kuwe na nyufa. Yeye akasema: badala ya kuzungusha maji kwenye nyufa hizo, tuzungushe hewa ukaa. Karsten Pruess wa maabara ya Lawrence Berkeley aliliendeleza wazo hilo kwa hesabu za kina miaka michache baadaye.

Ya tatu ndiyo kiini cha ukurasa huu. Mwaka 2011 Jimmy Randolph na Martin Saar, wakiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, walipendekeza kuachana na kupasua miamba. Tumieni, walisema, matabaka mapana ya mawe ya mchanga ambayo tayari yana vitundu na tayari yana kifuniko cha udongo mgumu juu yake, yaani matabaka yaleyale yanayotafutwa kwa ajili ya kuzikia hewa ukaa. Hewa ukaa ikitanda humo kama wingu kubwa chini ya kifuniko, wingu hilo ndilo litakalobeba joto.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "imethibitika Iceland," muulize kilichothibitika ni kipi. Kuigeuza hewa ukaa kuwa jiwe kwenye basalti kumethibitika. Kufua umeme kwa wingu la hewa ukaa ni jambo jingine.

Kwa nini hewa ukaa, wakati maji yanafanya kazi vizuri?

Kwanza tuyape maji haki yake. Kilo moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara mbili ya kilo moja ya hewa ukaa kwa mabadiliko yaleyale ya nyuzi. Kwa kipimo hicho peke yake, hewa ukaa imeshindwa.

Lakini joto halina faida likikwama chini. Hewa ukaa ikipita nyuzi 31 za Selsiasi na mgandamizo wa mara 73 hivi ya ule wa hewa tunayovuta, inaingia katika hali ambayo si gesi na si kimiminika. Inakuwa nzito kama kimiminika lakini inateleza kama gesi. Chukua tabaka lililo kilomita 2.5 chini, lenye nyuzi 100. Huko mnato wa hewa ukaa, yaani ugumu wake wa kutiririka, ni chini ya moja ya tano ya mnato wa maji ya joto hilohilo. Inapenya kwenye vitundu vya jiwe ambavyo maji chumvi hupita kwa kujikokota. Mwamba ambao kwa maji ungeonekana hauna maana unaweza kuwa na maana kwa hewa ukaa.

Faida ya pili, ambayo mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza, ni jinsi inavyovimba. Maji ya baridi na maji ya moto hayatofautiani sana kwa uzito. Hewa ukaa ni kinyume. Kwenye kina hichohicho, mita moja ya ujazo ya hewa ukaa yenye nyuzi 50 ina uzito wa kilo 830 hivi, ilhali ikiwa na nyuzi 100 inashuka hadi kilo 590 hivi. Sasa fikiria mabomba mawili marefu yaliyosimama ardhini, moja limejaa hewa ukaa baridi na nzito inayoshuka, jingine limejaa hewa ukaa ya moto na nyepesi inayopanda. Ile nzito inaisukuma ile nyepesi. Ukifika juu, bomba la moto lina mgandamizo mkubwa kuliko bomba la baridi, na tofauti hiyo ndiyo inayozungusha turbini.

Ina maana pampu hazihitajiki?

Kwa hesabu, mzunguko ukishaanza unaweza kujiendesha wenyewe kwa tofauti hiyo ya uzito. Kituo cha maji ya moto cha kina hicho hutumia sehemu kubwa ya umeme wake kuendesha pampu zake, kwa hiyo kuzipunguza au kuziondoa ni nafuu kubwa.

Kwa vitendo hadithi ni ngumu zaidi. Jaribio la uwanjani lilifanyika mwaka 2015 Cranfield, jimbo la Mississippi, kwenye tabaka lenye kina cha kilomita 3 hivi ambalo lilikuwa tayari limejazwa hewa ukaa. Waliuanzisha mzunguko, lakini haukuweza kudumu wenyewe. Ulififia. Kisima kinapotoa hewa ukaa iliyochanganyika na maji, uzito wa maji huwa mzigo ndani ya bomba la kupandia, na joto nalo hupotea njiani kwenye kuta za kisima hasa kama mtiririko ni mdogo. Sioni kwamba jaribio hilo lililiua wazo. Lilionyesha kwamba mtiririko mdogo haufai kitu, na kwamba hewa ukaa inayopanda inatakiwa iwe kavu kiasi cha kutosha. Anayekuuzia mradi bila kulitaja jaribio hili, mtilie shaka.

Mkiitoa tena juu, si itarudi hewani?

Hapana. Mabomba ya juu yamefungwa mwanzo hadi mwisho, na kila kilo inayopanda inashuka tena. Kiasi kilichohifadhiwa hakipungui. Kinachoweza kutoka ni kile kinachovuja kwenye maungio na vali, au kinachoachiliwa wakati wa matengenezo, na hicho kinapaswa kupimwa na kutolewa kwenye hesabu.

Kina gani kinahitajika?

Kwa kuzika tu, mita 800 kwenda chini zinatosha, kwa sababu kuanzia hapo mgandamizo unaifanya hewa ukaa iwe nzito na ichukue nafasi ndogo. Mradi wa Sleipner wa Norwei, ulioanza mwaka 1996 na uliozika karibu tani milioni 1 kwa mwaka kwa miaka mingi, unatumia tabaka la mchanga lililo mita 1,000 hivi chini ya bahari. Ni hifadhi nzuri sana, lakini joto la kina hicho halifai kufulia umeme.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa umeme unahitaji kilomita 2 na nusu au zaidi, au eneo ambalo joto linapanda upesi kuliko kawaida. Hapo gharama ya kuchoronga nayo inapanda, kwa hiyo sehemu inayofaa kwa kazi zote mbili ni nyembamba kuliko ramani za hifadhi zinavyoonyesha.

Na mwamba uwe wa namna gani?

Mawe ya mchanga au ya chokaa yenye vitundu vinavyowasiliana, maji chumvi yasiyonyweka ndani yake, unene wa kutosha, na juu yake tabaka la udongo mgumu au chumvi lisilopitisha kitu. Kifuniko kikiwa na mashaka, mambo mengine yote hayana haja ya kujadiliwa.

Umeme kiasi gani utapatikana?

Kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Chukua tena tabaka letu la nyuzi 100. Ukizungusha kilo 100 za hewa ukaa kila sekunde, unapata kama megawati 1 ya umeme. Kilo 100 kwa sekunde ni zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka zinazopita kwenye bomba, ingawa nyingi ni zilezile zinazorudi tena na tena. Tabaka likiwa na joto zaidi au visima vikiwa vingi na vipana, unafika megawati kadhaa. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 600 hutoa tani milioni 3 na zaidi za hewa ukaa kwa mwaka. Umeme utakaorudishwa na wingu lake hauwezi hata kukaribia ule uliofuliwa wakati wa kuizalisha hewa ukaa hiyo.

Nalisema wazi kwa sababu limepotoshwa sana. Umeme wa hapa ni nyongeza. Unaweza kuendesha pampu na kompresa za hifadhi yenyewe, ukapunguza bili, na kilichobaki kikaingia gridini. Kama kuna mteja wa joto lenyewe karibu, kwa kukaushia mazao, kwa vitalu vya mimea au kupashia majengo, hesabu inakuwa nzuri zaidi. Mtiririko uleule wa kilo 100 unaweza kutoa zaidi ya megawati 10 za joto la wastani. Kuligeuza joto la nyuzi 60 kuwa umeme wakati jirani analihitaji kama lilivyo ni kulipoteza.

Hali ya hewa ya juu ya ardhi ina uhusiano wowote?

Ina uhusiano mkubwa, na mara nyingi husahaulika. Hewa ukaa inayotoka kwenye turbini lazima ipozwe ili iwe nzito na ishuke yenyewe. Chini ya nyuzi 31 inaweza kugeuka kimiminika. Mahali ambapo hewa ya mchana ni nyuzi 35, haigeuki, inabaki nyepesi, na kompresa inalazimika kufanya kazi ambayo uzito ungeifanya bure. Ndiyo maana nyanda za juu na nchi za baridi zina nafasi bora, na sehemu za joto zinahitaji maji ya kupozea au kufanya kazi zaidi usiku.

Hewa ukaa itavuja itumalize usingizini, kama kule Ziwa Nyos?

Hofu hii ina msingi, na watu waliofiwa wanastahili jibu la kweli. Mwezi Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kameruni lilitapika hewa ukaa iliyokuwa imejikusanya kwenye maji yake ya chini. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo iliteremka mabondeni usiku na kuua zaidi ya watu 1,700 pamoja na mifugo yao.

Nyos lilikuwa ziwa. Gesi ilikuwa imeyeyuka kwenye maji yaliyo wazi, bila mwamba wowote juu yake, na ikafumuka yote kwa mpigo. Wingu lililo kilomita 2.5 chini linakaa kwenye vitundu vidogo vya jiwe, chini ya mamia ya mita za tabaka lisilopitisha, na haliwezi kufumuka hivyo. Kadiri muda unavyokwenda hali inazidi kuwa salama. Sehemu ya hewa ukaa hunaswa kwenye vitundu kama maji yanavyobaki kwenye sifongo iliyokamuliwa. Sehemu nyingine huyeyuka kwenye maji chumvi, na maji hayo yakishaipokea huwa mazito na kuzama. Sehemu nyingine, polepole sana kwenye mawe ya mchanga, hugeuka madini.

Hatari halisi iko kwingine. Njia rahisi ya kuvuja ni visima, hasa visima vya zamani vya mafuta na gesi ambavyo saruji yake imechoka au ambavyo hakuna anayekumbuka viliko. Teknolojia hii inaongeza visima kuliko hifadhi ya kawaida, na kila kisima ni tundu jipya kwenye kifuniko. Hilo ni deni lake, lisifichwe. Upande wa pili, kutoa hewa ukaa upande mmoja na kuingiza upande mwingine kunakupa uwezo wa kushusha mgandamizo pale unapozidi, jambo ambalo hifadhi ya kuingiza tu haina.

Hatari nyingine iko juu ya ardhi: mabomba ya kusafirishia. Februari 2020 bomba la hewa ukaa lilipasuka karibu na mji mdogo wa Satartia, Mississippi, baada ya ardhi yenye maji mengi kuporomoka. Watu 45 walipelekwa hospitali, na magari yalizimika barabarani kwa kukosa oksijeni. Hakuna aliyekufa. Kama mradi utakujia karibu, uliza bomba litapita wapi kabla hujauliza kuhusu mwamba.

Maji ya kunywa je?

Maji yanayonyweka hupatikana kwenye matabaka ya juu, kwa kawaida mamia machache ya mita, na hifadhi iko mbali chini yake. Hewa ukaa ikifika kwenye maji hayo kupitia kisima kibovu, itayafanya yawe na asidi kidogo na inaweza kuyeyusha madini kama risasi au arseniki kutoka kwenye mwamba. Maji chumvi yanayosukumwa pembeni nayo yanaweza kupanda. Visima vya uchunguzi vinavyochukua sampuli za maji ya juu mara kwa mara, kuanzia kabla ya tani ya kwanza kuingia, ni lazima. Bila vipimo vya awali hutaweza kuthibitisha chochote baadaye, uwe unalalamika au unajitetea.

Italeta matetemeko?

Inaweza kuleta matetemeko madogo, na mahali pakichaguliwa vibaya, makubwa kiasi cha kuogopesha. Kusukuma kitu chochote ardhini huongeza mgandamizo, na mgandamizo hulegeza nyufa zilizokuwa zimebanana. Basel, Uswisi, mwaka 2006, mradi wa kupasua miamba kwa maji ulileta tetemeko la ukubwa wa 3.4 na ukafungwa. Pohang, Korea Kusini, mwaka 2017, eneo la mradi wa namna hiyo lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.4 hivi, watu wakajeruhiwa na nyumba zikaharibika. Hata karibu na Hellisheiði, kurudisha maji taka ya kituo ardhini kuanzia 2011 kulileta mitikisiko iliyosikika kwa wakazi.

Miradi ya Basel na Pohang ililenga miamba migumu iliyohitaji kupasuliwa, si matabaka ya mchanga. Kwenye mawe yenye vitundu mgandamizo husambaa kwa urahisi zaidi. Ila kuna jambo la kuangaliwa: kuingiza hewa ukaa baridi kwenye mwamba wa moto kunausinyaza mwamba ulio karibu na kisima, na mwamba uliosinyaa hupasuka kwa urahisi. Kwa sababu hiyo vipima-mtetemo vifungwe mapema, na kuwe na kiwango kilichokubaliwa ambacho kikifikiwa kazi inasimama bila mjadala.

Ardhi inaweza kuinuka?

Inaweza kuinuka kwa milimita. In Salah, kwenye jangwa la Algeria, karibu tani milioni 4 zilizikwa kati ya 2004 na 2011, na satelaiti zilipima ardhi ikiinuka milimita chache kwa mwaka juu ya visima. Mtu aliyesimama pale asingeona kitu. Lakini umbo la mwinuko liliwaambia wataalamu kwamba mgandamizo ulikuwa umeanza kuingia kwenye nyufa za sehemu ya chini ya kifuniko, na uingizaji ukasimamishwa. Huo ndio uchunguzi unaofanya kazi yake.

Vyuma haviliwi na kutu?

Hewa ukaa kavu haina shida na chuma. Ikikutana na maji inakuwa asidi ya kaboniki, na hiyo hula chuma cha kawaida upesi. Kisima cha kuingizia kinapata hewa ukaa kavu, kwa hiyo ni rahisi. Kisima cha kutolea kinapata hewa ukaa iliyolowa, na hapo ndipo chuma kisichoshika kutu na saruji maalumu vinapohitajika, na bei inaporuka.

Tatizo la kinyume linatokea chini kabisa. Hewa ukaa kavu inapopita kwenye maji chumvi huyakausha, na chumvi inabaki imeganda kwenye vitundu karibu na kisima kama inavyobaki kwenye sufuria maji yakikauka. Mtiririko unapungua. Huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara moja moja.

Mwamba utapoa mwisho?

Ndiyo, sehemu inayopitiwa itapoa polepole, kwa sababu joto linatolewa upesi kuliko linavyorudi kutoka chini. Visima vikipangwa kwa umbali unaofaa, miongo kadhaa inapita kabla joto la kutolea halijashuka sana. Mradi wa umeme ukifikia mwisho, hewa ukaa inabaki palepale ilipo, na visima vinazibwa.

Vituo vya jotoardhi vyenyewe havitoi hewa ukaa?

Vinatoa, kwa viwango vinavyotofautiana mno. Vingi hutoa kidogo sana. Baadhi ya vituo vya magharibi mwa Uturuki, ambako maji ya moto hupita kwenye miamba ya kabonati, vimekuwa vikitoa kwa kila uniti ya umeme kiasi kinacholingana na makaa ya mawe. Kwangu mimi hapa ndipo pa kuanzia kabla ya mahali pengine popote: gesi ipo kwenye kituo, visima vipo, wachorongaji wapo, na hakuna bomba refu la kupita vijijini. Kuirudisha chini pamoja na maji kumejaribiwa Kızıldere, hukohuko Uturuki.

Na kama hatuna maji ya kutosha?

Hili ni swali la njia ya Iceland zaidi. Kuyeyusha tani 1 ya hewa ukaa kunahitaji tani 25 hivi za maji, ingawa maji ya mlemle ardhini yanaweza kutumika tena, na maji ya bahari yamechunguzwa pia. Njia ya wingu haihitaji maji ya kuyeyushia kabisa. Sehemu kavu, hiyo ni tofauti ya maana.

Kuna anayesema inaweza kuwa betri. Ni kweli?

Ni wazo zuri la karatasini. Umeme wa jua ukizidi mchana, unautumia kupoza na kusukuma hewa ukaa chini. Jioni watu wanapowasha taa, unaiachia ipande izungushe turbini. Tabaka la mwamba linakuwa ghala. Bado ni hesabu na mifano ya kompyuta.

Gharama inalipwa na nani?

Kuinasa hewa ukaa kiwandani ndiko kunakokula fedha nyingi, kisha visima. Umeme wa megawati chache hauwezi kuilipia kazi hiyo yote. Kwa hiyo mradi unasimama pale tu ambapo kuzika kwenyewe kunalipwa. Norwei ilianza kutoza kodi ya hewa ukaa baharini mwaka 1991, na kodi hiyo ndiyo iliyoifanya Sleipner iwe na faida. Marekani sheria ya mwaka 2022 ilipandisha nafuu ya kodi hadi dola 85 kwa tani inayozikwa kutoka viwandani. Mahali ambapo kutoa hewa ukaa ni bure, hakuna atakayelipa kuizika, na joto lililo chini halitabadilisha hilo.

Hii si ruhusa ya kuendelea kuchoma makaa ya mawe?

Inaweza kugeuzwa hivyo, na wapo wanaojaribu. Dunia inatoa zaidi ya tani bilioni 37 kwa mwaka kutokana na kuchoma makaa, mafuta na gesi, na kutengeneza saruji. Mitambo yote ya kunasa iliyopo inashika makumi ya mamilioni tu, na sehemu kubwa ya hiyo hutumika kusukuma mafuta zaidi kutoka visima vikongwe. Mtu akiniambia ajenge mtambo mpya wa makaa kwa sababu gesi yake itazikwa na kutoa umeme, jibu langu ni hapana. Saruji ni suala jingine. Chokaa ikichomwa inaachia hewa ukaa hata kama tanuri linaendeshwa kwa umeme wa jua, na hiyo lazima iende mahali.

Mbona hakuna kituo hata kimoja kinachouza umeme kwa njia hii?

Kwa sababu vinahitajika vitu vitatu mahali pamoja: mamilioni ya tani za hewa ukaa iliyokwisha naswa, mwamba wa kina wenye joto na kifuniko kizuri, na mtu wa kulipia miaka ya kujaza wingu kabla ya kuvuna hata kilowati moja. Hifadhi zilizopo nyingi zilichaguliwa kwa usalama na ukaribu, si kwa joto. Sheria nazo zimetenganisha. Mwongozo wa Ulaya wa 2009 na kanuni za Marekani za visima vya kuzikia za 2010 viliandikwa kwa hewa ukaa inayoingia na kubaki. Inayoingia, ikatoka, ikaingia tena haikufikiriwa.

Mradi ukipendekezwa karibu na kwetu, niulize nini?

Waulize kwanza ni ipi kati ya zile njia tatu. Hewa ukaa inatoka kiwanda gani, na kiwanda hicho kikifungwa itakuwaje? Visima vya zamani vingapi vimepatikana ndani ya eneo ambalo wingu litatanda, na nani amevikagua? Bomba linapita wapi? Vipimo vya maji ya visima vyenu vimeshachukuliwa, na nakala mtapewa? Kazi itasimama tetemeko la ukubwa gani likitokea? Na baada ya kampuni kuondoka, nani kwa jina la ofisi atakayelinda mahali hapo, kwa miaka mingapi, na kwa fedha zilizowekwa wapi? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya mkutano, na nakala ibaki kijijini.